Kura ya mgombea aliyeshindwa Newala huenda wapi?

Ukimpigia kura mgombea ubunge wa Newala akashindwa, kura yako haiishii pale. Watu wengi ninaozungumza nao hapa Mtwara hawalijui hilo, wakiwamo mawakala waliokesha vituoni. Fomu ya matokeo ya ubunge, ile 21B inayobandikwa ukutani baada ya kuhesabu, hufanya kazi mara mbili. Kwanza hutumika jimboni kumpata mbunge. Halafu kura za ubunge za kila chama hujumlishwa nchi nzima ili kugawa Viti Maalumu vya wanawake. Chama kilichofikisha asilimia 5 ya kura halali zote za ubunge hupata viti kwa uwiano wa kura zake, na kisichofika hakipati hata kimoja.

Kwa hiyo tuna mifumo miwili ya uchaguzi ndani ya karatasi moja. Nafundisha mifumo ya uchaguzi, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba vyama vyetu havieleweki mpaka uione mifumo hii miwili ikivutana.

Tuanze na ule wa jimboni, ambao kila mtu anaujua: anayeongoza amechukua, hata kama hakufika nusu. Mfumo huu haujali una kura ngapi nchini, unajali umezirundika wapi. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata karibu robo ya kura zote za ubunge, CUF ikapata kama moja ya kumi tu. Lakini kwa majimbo, CHADEMA iliambulia 23 na CUF 24. Kura za CUF zilikuwa zimejaa Pemba, za CHADEMA zimetawanyika bara yote. Majimbo mawili tu ya CUF yalikuwa Tanzania Bara, na yote mawili yako mkoani Lindi: Lindi Mjini, alikoshinda Salum Barwany, na Kilwa Kusini, alikoshinda Selemani Bungara. Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 1995, NCCR-Mageuzi ilipopata kura zilizozidi za CUF kwa mara kadhaa na bado ikazidiwa majimbo.

Chama kidogo kikitaka kuishi chini ya mfumo huu kinahitaji ngome. Ndiyo maana Kusini kumekuwa na uzito kwa upinzani kuliko idadi ya watu wetu. Watu wa hapa wana mambo yao mahsusi: bei ya korosho, malipo ya mkulima yanayochelewa baada ya mnada, na gesi ya Mnazi Bay ambayo bomba lake lilizua maandamano Mtwara mwaka 2013. Mambo kama hayo hukusanya kura mahali pamoja, na kura zilizokusanyika ndizo mfumo wa jimbo unazozilipa. Mwaka 2015 CUF ilitwaa majimbo sita katika mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara: Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale, Kilwa Kusini na Kilwa Kaskazini. CHADEMA ikachukua Ndanda.

Ushindi huo ulitokana pia na kuachiana. Mfaransa Maurice Duverger aliandika mwaka 1951 kwamba mfumo wa mshindi mmoja huvisukuma vyama kuelekea viwili. Vidogo huona havifiki, na wapiga kura huogopa kupoteza kura. UKAWA ilikuwa jibu la shinikizo hilo: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja kwa jimbo, kila chama kikae pale kinapokubalika.

Sasa tazama mfumo wa pili unavyowatafuna. Ukimwachia mwenzako jimbo, unamwachia pia kura za ubunge za jimbo hilo. Zinaingia kwenye jumla yake, zinatoka kwenye jumla yako, na jumla hiyo ndiyo inayokupa Viti Maalumu. NCCR-Mageuzi iliachia majimbo mengi, ikamaliza na jimbo moja, Vunjo, na haikukaribia asilimia 5. Viti Maalumu vikaenda kwa CCM, CHADEMA na CUF peke yao. Nikisikia watu wanalaumu ubinafsi wa viongozi kila muungano unapovunjika, naona lawama hiyo haitoshi. Hata kiongozi mwenye moyo safi angepiga hesabu hiyo na kusita. Sheria yetu inavitaka vyama viungane jimboni na inaviadhibu vikiungana, kwa karatasi ile ile.

Mfumo huo wa pili si mdogo. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata Viti Maalumu 25, zaidi ya majimbo yake yote. Mwaka 2020 ilipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, pamoja na Viti Maalumu 19. Wanawake 19 walipoapishwa Novemba mwaka huo, chama kikawafukuza, na wao wakaendelea kukaa bungeni. Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe: kiti kimetokana na kura za mamilioni ya watu, lakini hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeona jina la mwenye kiti akiwa na kalamu mkononi. Orodha hupangwa ndani ya chama.

Na chama ndicho mlango pekee. Mgombea binafsi hana nafasi kwetu, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Mbunge akihama chama anapoteza kiti. Mbunge wa Liwale aliyeshinda kwa CUF mwaka 2015 alihamia CCM mwaka 2018, jimbo likaingia uchaguzi mdogo, naye akarudi bungeni kwa chama kipya.

Vuka sasa mto Ruvuma, uingie Msumbiji. Wamakonde wako kingo zote mbili, na wapo watu wa Kilambo wenye shangazi na binamu Palma. Huko shangazi hampigii mtu kura ya ubunge, anapigia orodha ya chama. Mkoa mzima wa Cabo Delgado ni eneo moja la uchaguzi lenye viti vingi, na viti hugawanywa kwa kanuni ya D'Hondt. Nieleze kanuni hiyo, maana ni nyepesi kuliko inavyosikika.

Chukua mkoa wa kubuni wenye viti 5. Chama A kina kura 48,000, B kina 33,000, C kina 19,000. Kura za kila chama unazigawa kwa 1, kisha kwa 2, kisha kwa 3. A inapata 48,000, 24,000 na 16,000. B inapata 33,000, 16,500 na 11,000. C inapata 19,000, halafu 9,500, na kuendelea. Unachukua namba tano kubwa kuliko zote: 48,000, 33,000, 24,000, 19,000 na 16,500. A viti viwili, B viwili, C kimoja. Kiti cha tano kimekwenda B kwa tofauti ya 500 tu. Sasa ugawe mkoa huo huo majimbo matano, kura za vyama vyote zikiwa zimesambaa sawasawa. A inachukua yote matano, na zaidi ya nusu ya wapiga kura hawana mbunge waliyemtaka.

Lakini Msumbiji inatufundisha tusiutukuze uwiano. Mwaka 1994 kulikuwa na kizingiti cha asilimia 5: Frelimo ikapata viti 129, Renamo 112, muungano mmoja mdogo 9, na vyama vingine vyote havikupata kitu. Kizingiti kikaondolewa baadaye. Chama kipya cha MDM kikaja mwaka 2009 na kupata viti 8, na kingeweza kupata zaidi kama orodha zake zisingekataliwa katika maeneo 9 kati ya 13. Frelimo haijawahi kuondoka madarakani. Uwiano hugawa kile kilichoruhusiwa kuingia kwenye karatasi. Hapa kwetu mwaka 2020 wapiga kura wa Ruangwa hawakupata karatasi ya ubunge kabisa, mgombea alipita bila kupingwa. Na mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye uchaguzi, baada ya Tume ya Uchaguzi kuiondoa mwezi Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili. Hakuna kanuni ya kugawa viti itakayoponya jambo la namna hiyo, na mtaalamu anayejadili D'Hondt bila kulitaja hawatendei haki wasomaji wake.

Pale mlango ulipokuwa wazi, mfumo umebadilisha mambo kweli. Lesotho mwaka 1998 chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. BNP, chenye karibu robo ya kura, kikapata kiti kimoja. Mji wa Maseru ukawaka moto, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Uchaguzi uliofuata, mwaka 2002, ukafanyika kwa mfumo mseto: majimbo 80 yalibaki, vikaongezwa viti 40 vya fidia kwa vyama vilivyopunjwa jimboni. BNP ikapata viti 21. Fidia ndilo jambo la kushika hapo. Viti Maalumu vyetu haviifanyi kazi hiyo, maana chama kilichozoa majimbo nacho hupata mgao wake kamili. Wanasiasa wa Lesotho nao hawakulala. Mwaka 2007 vyama vikubwa vilishirikiana na vidogo, kimoja kikachukua majimbo na kingine kikachukua viti vya fidia, ikabidi sheria irekebishwe tena.

Kwa urais nitasema machache. Mwaka 1995, Mzee Mkapa wa Lupaso alipochaguliwa, rais wetu alihitaji zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti hilo. Malawi ilikwenda upande wa pili: mahakama ilifuta uchaguzi wa 2019, ikatamka kwamba mshindi lazima avuke nusu, na ndani ya miezi michache vyama tisa vilikuwa nyuma ya Lazarus Chakwera, aliyeshinda Juni 2020. Miungano hiyo ililetwa na sharti la nusu.

Ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja kabla ya uchaguzi ujao, ningewapa wapiga kura karatasi tofauti ya Viti Maalumu yenye orodha za vyama, majina yakibandikwa vituoni pamoja na ya wagombea ubunge. Vyama vingeweza kuachiana majimbo bila kupoteza viti, na kila mwanamke mwenye kiti angejua amepigiwa kura na nani. Ugumu uko kwenye ukubwa wa eneo. Viti 113 vya mwaka 2015 ukivigawa kwa mikoa 31, kila mkoa unapata vitatu au vinne. Kwenye viti vitatu, kwa D'Hondt, chama kina uhakika wa kiti pale tu kinapovuka asilimia 25. Unganisha Lindi, Mtwara na Ruvuma, upate viti kama 11, na uhakika unashuka hadi asilimia 8 na kidogo. Ningechora eneo kubwa hivyo, si dogo zaidi.