Kabla ya Kupanda Kelpi, Punguza Walaji Wake

Katika pwani ya Norway, kutoka katikati ya nchi hadi mpaka wa Urusi, misitu mingi ya kelpi ilianza kutoweka miaka ya 1970. Kelpi ni mwani mkubwa wa kahawia wa maji baridi. Bua lake hufika mita 2 au zaidi, na samaki wachanga hujificha humo. Aliyeimaliza misitu hiyo ni nungunungu wa baharini wa kijani, mnyama wa mviringo mwenye miiba. Hata mwamba ukibaki mtupu, haondoki. Hukonda tu, akaishi miaka mingi akitafuna kila chipukizi. Kupanda hapo bila kumpunguza ni kumpelekea chakula.

Wazamiaji wa kujitolea humponda kwa nyundo. Mamlaka ikisharuhusu, chagueni mwamba mdogo uliozungukwa na mchanga, kwani wanyama hawa huvuka mchanga kwa shida. Wahesabuni ndani ya fremu ya sentimita 50 kwa 50, kisha zidisheni kwa 4 mpate idadi kwa mita moja ya mraba. Pimeni sehemu kadhaa, maana hukaa kwa mafungu. Tandazeni kamba chini, wazamiaji waende wawili wawili kuifuata, wakivunja magamba papo hapo. Mabaki yataliwa na samaki. Wasiozamia hushusha kamera kutoka kwenye boti na kuandika hesabu.

Kazi huharibika zaidi kwa wale wadogo waliojificha mianyani na chini ya mawe, ambao baada ya muda huwa wakubwa. Wengine huingia kutoka kando, hivyo ni lazima kurudi kila baada ya miezi michache. Afadhali eneo dogo linalotunzwa kuliko ghuba nzima iliyopitiwa mara moja.

Kelpi ya kaskazini humwaga vijispora, yaani chembe ndogo sana za uzazi, majira ya baridi, kwa hiyo mwamba uwe safi kabla ya hapo. Kama hakuna kelpi iliyokomaa karibu, kuna kokoto zilizooteshwa miche maabara hadi sentimita 2 au 3, kisha humwagwa kutoka botini. Mche ukikua, vishikizi vyake huvuka kokoto na kushika mwamba. Penye mawimbi makali kokoto hubiringika, miche ikasagika.

Huko Finnmark, eneo la kaskazini kabisa mwa Norway, kwa bahati, kaa wakubwa wa asili ya Pasifiki nao hula nungunungu hao. Ndiyo maana kila hesabu ilinganishwe na mwamba wa jirani usioguswa: kelpi ikirudi kote kuwili, nyundo si sababu pekee.