Bomba Lifungwe kwenye Ethi, Lisifanywe Ethi

Mtu akipigwa shoti kidogo anapofungua bomba la jikoni, mara nyingi humwita fundi bomba, ingawa kosa halimo kwenye maji. Umeme umevuja mahali fulani ndani ya nyumba, pengine kwenye hita ya bafuni au kwenye waya uliochubuka ndani ya pampu, na bomba la chuma limekuwa njia ya kuufikisha mkononi. Tunawaandikia wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa Uganda kwa sababu kazi mbili zinazozuia jambo hilo huchanganywa mara kwa mara, na zikichanganywa, hata nyumba yenye nyaya mpya inaweza kuua.

Kazi ya kwanza ni ethi yenyewe: waya wa kijani na njano unaotoka kwenye kila soketi na kila kifaa chenye ganda la chuma, ukafika kwenye kiungio kikuu cha ethi karibu na meinswichi, kisha ukashuka hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Kazi ya pili ni kuyafunga mabomba ya chuma kwa waya kwenye kiungio hichohicho. Ya kwanza huupa umeme uliovuja njia ya kurudi ili saketi breka ikate. Ya pili huhakikisha kwamba, kabla breka haijakata, bomba, sinki na ganda la jiko vina volti ileile, maana mwili hupitisha umeme pale tu unapogusa kwa pamoja vitu viwili vyenye tofauti ya volti.

Kosa tunaloliogopa zaidi ni la fundi anayeacha kupiga fimbo na kuufunga waya wa ethi kwenye bomba la maji. Zamani, bomba la chuma lilipolala ardhini kutoka barabarani hadi jikoni, ujanja huo ulionekana kufanya kazi. Siku hizi bomba likipasuka huwekwa la plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Hivyo kipande cha mita mbili kinatosha kuiacha nyumba nzima bila ethi, wala taa haizimiki ili kumjulisha mtu.

Fimbo nayo haitoshi peke yake. Tuchukue nyumba ya volti 240 ambayo fimbo yake ina ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme usipite) wa omu 20, na ile ya transfoma ina omu 5. Waya unaoleta umeme ukigusa ganda la hita, mkondo utakuwa ampea 9.6 tu, na breka ya ampea 32 haitakata kamwe. Wakati huo kila chuma kilichofungwa kwenye ethi kitakuwa na volti zipatazo 192 dhidi ya udongo wa nje, na yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zitakwisha kwa kasi ya zaidi ya 2 kwa saa bila kifaa chochote kufanya kazi. Mpangaji anayelalamika kwamba yuniti zinaliwa usiku asipuuzwe. Huenda anaeleza hatari hii.

Kwa hiyo nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe inahitaji kifaa chenye maandishi RCD au RCCB, kinachokata umeme uliovuja ukifika miliampea 30. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe angalau kila miezi 6. Lakini kitufe hicho hupima kifaa chenyewe tu. Hakiwezi kukwambia kama waya wa fimbo umeng'olewa na wauza vyuma chakavu, wala kama udongo umekauka. Ukinzani wa fimbo upimwe kwa mita ya kupimia ethi, tena wakati wa kiangazi, hasa kwenye udongo wa changarawe na katika maeneo makavu kama Karamoja.

Bomba la maji la chuma lifungwe waya wa ethi karibu na linapoingia nyumbani, baada ya mita ya maji na kabla halijagawanyika, kwa klampu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, juu ya chuma kilichosuguliwa rangi na kutu. Kanuni za IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, hazikubali waya wa shaba ulio chini ya milimita 6 za mraba kwa bomba kuu. Sisi tunapendelea 10. Mahali ambapo mabomba yote ni ya plastiki, bomba la kufungulia maji la chuma lililo mwishoni halihitaji waya wowote, na kulifunga waya kunaweza hata kulipelekea volti ambazo lisingekuwa nazo.

Kuhusu gesi, Uganda haina mtandao wa kuifikisha majumbani kupitia chini ya barabara. Wengi hutumia mtungi wenye mpira na regyuleta, na mtungi wa namna hiyo hauhitaji kufungwa waya. Jiko lake likiwa na oveni ya umeme, pini ya tatu ya plagi inatosha, mradi soketi ina ethi ya kweli. Palipo na mitungi mikubwa nje na bomba la shaba au chuma linaloingia ndani, kama katika hoteli na baadhi ya majengo ya ghorofa, bomba hilo hufungwa kwenye kiungio kikuu mahali linapoingia, ila lisitumiwe kamwe badala ya fimbo. Mkondo ukipita humo, cheche inaweza kuruka siku kiungo kinapofunguliwa, na gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya sakafuni ikingoja.

Tahadhari hiyohiyo imhusu fundi bomba anayekata bomba la chuma ili kuondoa mita au kubadilisha kipande. Ncha mbili za bomba lililokatwa zinaweza kuwa na volti tofauti, na mikono yake miwili ndiyo itakayoziunganisha. Azime meinswichi, kisha aunge waya mnene wenye klampu kutoka upande mmoja hadi wa pili kabla ya kukata. Akimaliza kwa kuweka kipande cha plastiki, amwite fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda, apime ethi upya kabla swichi haijawashwa.