Maji ya mvua ya nyumba arobaini yanaenda wapi?

Kwenye mradi wangu wa kwanza wa nyumba za bei nafuu hapa Kigoma, aliyeniita si mwenye mradi bali mama anayeishi chini yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita huku nyuma uone." Nyuma ya jiko palikuwa na korongo la kufika kiunoni, na tope jekundu lilikuwa limepanda ukutani karibu na dirisha. "Hapo juu ilikuwa michikichi tupu," akasema, "na mvua zilikuwa hizihizi."

Kweli, mvua haikuongezeka. Milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati la nyumba ndogo, tuseme mita za mraba 60, likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 1,800. Nyumba 40 ni lita 72,000, na hapo sijahesabu barabara wala nyua zilizopigwa zege. Kwenye nyasi na michikichi maji mengi yangezama au yangekawia njiani. Bati halinyonyi kitu.

Pale juu mtaro ulikuwepo, wa zege, umenyooka hadi mpakani, fundi kaupiga lipu safi kabisa. Ndio uliochimba korongo. Kwenye mteremko mkali mtaro laini huyakimbiza maji, na pale zege linapoishia ndipo udongo unapolipa. Mji wetu wote ni mteremko: ukishuka Mwanga kwenda stesheni, breki za baiskeli zinakwambia. Maji usiyoyashika juu yataishia ziwani na tope lake, au yatatuama mabondeni kama Katubuka.

Siku hizi naanzia kwenye bati. Kila nyumba gata na simtanki la lita 1,000. Lakini tangi peke yake ni kujidanganya, maana mvua zikishachanganya, Desemba hivi, linaamka limejaa maji ya jana. Ninachokikagua zaidi ni bomba la kufurikia. Liende kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe, angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, na mbali na shimo la choo. Kabla ya kuchimba, ujaribu udongo wenyewe: kishimo kidogo, ukijaze mara mbili udongo ushibe, kisha mara ya tatu upime maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakiganda asubuhi mpaka mchana, unafuga mbu. Na ukingoni mwa mteremko mkali usichimbe kabisa. Maji yanayozama hapo hutokea upande wa chini na kuondoka na kingo.

Mtaro nao naukata ngazi ngazi, kila ngazi na mawe yake chini, maji yadondoke yachoke. Nyua ziwe za changarawe. Wakulima wa milimani wanaopiga matuta ya kukinga mteremko wanajua haya zamani, hawakusubiri mhandisi.

Ugomvi wangu mkubwa huwa kiwanja cha watoto. Ukikishusha sentimita 30, kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinabeba lita 180,000 za maji ya mvua, kisha bomba jembamba linayatoa polepole, na kesho yake jioni watoto wanacheza mpira. Mwenye mradi alinitazama: "Mhandisi, unataka nichimbe bwawa katikati ya nyumba za watu?" Nilimweleza kuwa kazi hiyo ni ya greda lilelile lililopo saiti. Akasema tutaona. Kwenye makadirio ya nyumba hizi, maji ya mvua huandikwa ukurasa wa mwisho, na fedha zikipungua, ukurasa huo ndio wa kwanza kufutwa.

Kwa mama tulijaza korongo mawe na kupanda matete, na mtaro wa juu ukakatwa ngazi. Kiwanja bado hakijashushwa. Msimu uliopita alinipigia mara moja tu, usiku, kuniuliza kama zile ngazi zimeshazolewa mchanga, kwa sababu alikuwa anasikia maji yanaanza tena kukimbia.