Je, wajua kwa nini dawa mpya ya uraibu wa pombe hujaribiwa kwa watu waliopewa pombe?

Mtu anayeanzishiwa dawa ya uraibu wa pombe mara nyingi haachi kunywa siku hiyohiyo, na wengi walioacha hurudia. Kwa hiyo, hata kabla ya kujulikana kama dawa inatibu, ni lazima ijulikane itafanya nini ikikutana na pombe mwilini, na ni heri zikutane mbele ya daktari kuliko kilabuni.

Disulfiramu ilitoa funzo hilo mapema. Katika miaka ya 1940, watafiti wawili wa Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen, walioichunguza kama dawa ya minyoo, waliimeza wenyewe, na kila walipokunywa pombe nyuso zikawaiva na mioyo ikawaenda mbio. Dawa hiyo huzuia mwili kuvunja asetaldehidi, sumu inayotokana na pombe. Madaktari waliigeuza kuwa tiba ya kumtia mlevi hofu ya chupa, lakini dozi za mwanzo zilikuwa kubwa mno, na baadhi ya wagonjwa waliokunywa juu yake walifariki.

Siku hizi jambo hilo halisubiriwi litokee lenyewe. Ibudilasti, dawa ya pumu iliyotumika Japani kwa miaka mingi, ilijaribiwa na Lara Ray na wenzake huko Los Angeles kwa watu 24 wenye uraibu wa pombe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kila mshiriki alimeza ibudilasti kwa zamu moja na vidonge visivyo na dawa kwa zamu nyingine, bila kujua ni ipi. Pombe haikutolewa kwa glasi bali kwa dripu, kwani ya glasi hupanda upesi kwa mwenye njaa na polepole kwa aliyeshiba, ilhali dripu huwafikisha wote kwenye kiwango kilekile kinachosomwa kwenye pumzi. Tofauti ya mapigo ya moyo, shinikizo la damu au usingizi kati ya zamu hizo mbili ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa ya dawa. Ibudilasti ilivumilika vizuri.

Je, ni haki kumpa pombe mwenye uraibu? Kwa kawaida huchaguliwa wanywaji ambao hawajaomba matibabu, kwa sababu kumrudisha kwenye pombe aliyekuja kutafuta msaada kungekuwa ukatili, na wanywaji hao hawaruhusiwi kuondoka mpaka kiwango cha pombe mwilini kishuke.

Hata hivyo, watu 24 hawawezi kufichua dhara linalompata mmoja kati ya maelfu. Wala hawawezi kuondoa hofu ya dhara la namna hiyo: naltreksoni, dawa nyingine, iliidhinishwa Marekani kwa uraibu wa pombe mwaka 1994 ikiwa na onyo kali kuhusu ini, na onyo hilo liliondolewa mwaka 2013, baada ya miaka mingi ya matumizi.