Kiangazi sio adhabu: maneno tunayoambizana kanisani kuhusu imani, na ukweli wake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wa nyumbani mbukwenyi.

Huku Dodoma saivi ni mwisho wa Oktoba, jua kali, upepo wa mchana unabeba vumbi unalimwaga mpaka ndani ya sufuria, mibuyu mingi bado haina jani. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, inaanza mwisho wa Novemba au Desemba inakata Aprili, na mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya mwaka mtu wa Ugogo anaishi bila mvua, na sijawahi kusikia mtu anamuuliza jirani yake mwezi wa tisa "umemkosea nini Mungu mbona shamba lako kavu", maana kila mtu anajua ni kiangazi. Lakini mtu akiachishwa kazi, akifiwa, ndoa ikiyumba, mtoto akiugua, hapo ndo tunaanza kuuliza.

Mume wangu alifariki 2019 akaniacha na watoto watatu. Niliambiwa maneno mengi sana kipindi kile, mengi na watu wanaonipenda kabisa, na mengine yalinishika mkono lakini mengine yaliniumiza miaka, alafu nilipokuja kukaa na Biblia mwenyewe taratibu nikakuta hayapo, au yapo ila sio hivo tunavyoyasema. Ndo haya naandika.

DHANA: Ukiona shida zinafuatana ujue kuna dhambi, au kuna mlango umeufungua

Mwezi wa tatu baada ya mazishi alikuja mama mmoja tunasali wote, akakaa, akanywa chai, alafu akaniambia kwa upole kabisa nijichunguze, huenda kuna kitu. Usiku ule sikulala. Nilirudi nyuma miaka yote ya ndoa natafuta kosa, natafuta nilichosema, nilichokula, niliyegombana nae.

Ukweli ni kwamba swali hilo Yesu aliulizwa uso kwa uso na akalijibu. Yohana 9 wanafunzi wanamuona kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu anasema sio huyu wala wazazi wake. Luka 13 tena, mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, Yesu anawauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Akasema sivyo, akawaambia wao wenyewe watubu. Yaani alikataa wale wasikilizaji wasimame juu ya maiti za wenzao wanahesabu dhambi. Na marafiki wa Ayubu, wale watatu, walianza vizuri sana, walikaa nae chini siku saba kimya bila kusema neno, kosa lao lilianza walipofungua mdomo kumwelezea kwanini yamempata, na mwisho wa kitabu Mungu aliwaambia wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa.

Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya kwenye 1917 mpaka 1920, yeye mwenyewe aliisikia kwa mama yake. Watu walikufa wengi mno. Na wapo waliosema ni hasira ya Mungu. Lakini ukifuatilia, vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza walipoingia nao wakachukua, alafu mvua zikakataa wakati ghala ziko tupu na vijana hawapo wa kulima. Sasa yule mama aliyezika watoto wake wawili Chamwino huko, alitenda dhambi gani? Dunia imevunjika, na ikivunjika vipande vyake vinamwangukia hata asiyehusika. Yesu alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, Mathayo 5:45, na mtu wa huku anaelewa hiyo mvua ni nini, ni uhai. Basi kama mvua haichagui shamba la mtakatifu, kwanini tunadhani ukame unachagua shamba la mwenye dhambi?

Sisemi dhambi haina matokeo, inayo, ukilewa ukaendesha pikipiki utaanguka. Nasema usimtafutie mwenzio dhambi kwenye jeneza.

DHANA: Mkristo hatakiwi kulia sana, ni kukosa tumaini

Hii inatoka 1 Wathesalonike 4:13, na naona inasomwa karibu kila msiba. Mtu analia, anashikwa mkono, "dada jikaze, sisi tuna tumaini". Lakini soma tena taratibu, Paulo anasema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hajasema msihuzunike. Kuna huzuni yenye tumaini na bado ni huzuni, bado inatoa machozi. Yesu mwenyewe pale kaburini kwa Lazaro alilia, na alikuwa anajua dakika chache zijazo anamfufua! Kama aliyeshika ufunguo wa kaburi alilia, mimi nani.

Alafu Zaburi. Tunapenda ya 23 na ya 121, lakini nyingi sana ni za kulalamika, mtu anamuuliza Mungu hata lini, umenisahau, mbona umejificha. Zaburi ya 88 haina hata mstari wa furaha mwishoni, inaishia gizani. Na imewekwa kwenye kitabu cha kuabudia! Mimi hiyo zaburi niliisoma kila jioni kama miezi miwili, nilikuwa siwezi kusoma nyingine, na kwakweli naamini ilikuwa sala.

DHANA: Mungu hawezi kukupa mzigo unaokuzidi

Tunaisema kwa nia njema lakini jamani. 1 Wakorintho 10:13 inaongelea kujaribiwa, na ukisoma kuanzia juu utaona habari za Waisraeli jangwani, sanamu, uzinzi, manung'uniko, na ahadi ni kwamba Mungu ataweka mlango wa kutokea usianguke. Haisemi huzuni haitakuzidi. Paulo huyohuyo kwenye barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 1 mstari wa 8, anasema kule Asia walilemewa kupita nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi, na mstari unaofuata anasema sababu, ili wasijitumainie wenyewe bali wamtumainie Mungu afufuaye wafu. Kwahiyo mzigo ulimzidi mtume. Na alipoomba mwiba utolewe mara tatu haukutoka, aliambiwa neema yangu yakutosha.

Nilipoelewa hili nilipumua. Maana nilikuwa nadhani kwakuwa nimezidiwa basi mimi ni Mkristo mbovu, wenzangu wanaweza mimi siwezi. Kumbe kuzidiwa sio mwisho wa imani, mara nyingi hapo ndo unaacha kujitegemea.

DHANA: Biblia inasema jisaidie nami nitakusaidia

Haimo. Tafuta Mwanzo mpaka Ufunuo haimo, ni methali ya zamani sana ya Wagiriki imezunguka dunia ikaingia makanisani kwetu. Kulima ni lazima, asiyepanda havuni, hilo halina ubishi. Lakini Injili ni habari za Mungu anayewafikia ambao hawawezi kujisaidia, Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa tulipokuwa hatuna nguvu. Na sisi wa kanda ya kati tungepaswa kujua mipaka ya jasho. Pale Kongwa Waingereza walileta mradi wa karanga 1947, matrekta, wataalamu, pesa za kutisha, udongo ukakauka mgumu kama saruji, mvua haikutosha, na 1951 wakaufuta. Hawakukosa bidii wale. Kuna wakati mtu amejisaidia mpaka mikono imeisha, ukimwambia jisaidie Mungu akusaidie unamfungia mlango wa mwisho aliobaki nao.

DHANA: Hospitali, dawa, bima, akiba ni kwa wenye imani haba

Hapa nakaa kidogo maana nimeona watu wanaumia.

Mwaka wa pili nilikuwa silali, sili, naamka saa nane usiku nakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kunakucha, kazini nasahau majina ya watu. Nilikuwa naombewa kila wiki na namshukuru Mungu kwa kila aliyeniombea. Ila mama mdogo wangu, mtu wa Mvumi, amekulia maeneo ya hospitali ya misheni, ndo aliniambia "mwanangu maombi tunaendelea nayo, ila kesho twende ukaonwe". Nikaona aibu vibaya, maana hapa mjini ukitajwa Mirembe tu watu wanacheka wanasema umechizi, wakati Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na watu wanatoka mikoa yote kuja kutibiwa. Nilipewa dawa, nikapata mshauri wa kuongea nae, ilichukua miezi, nikaanza kulala. Mtu mmoja akaniambia nimemwacha Mungu nimekimbilia vidonge.

Ukweli uko hivi. Elia, baada ya moto kushuka Karmeli, baada ya ushindi mkubwa kuliko wote, alikimbia jangwani akakaa chini ya mti akaomba afe. 1 Wafalme 19. Mungu hakumhubiria. Alimlaza, akamtuma malaika na mkate na maji, akalala tena, akala tena, na baada ya hapo ndo yakaja mazungumzo. Mwili kwanza. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yake ya mara kwa mara, ambayo kipindi kile ilikuwa ni tiba, hakumwambia ongeza imani, na kwenye safari zake alikuwa na Luka anayemwita tabibu mpendwa. Na wamisionari wa kwanza waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 na waliowafuata walituletea Injili, na misheni ikajenga hospitali na shule pamoja na kanisa, hatukuwahi kuona vinagombana.

Na akiba hivohivo. Watu wanashika "msisumbukie ya kesho" wanakataa kuweka hata kidogo. Yesu alikataza wasiwasi, sio mpango. Yusufu kule Misri aliweka sehemu ya tano ya mavuno miaka saba ya neema, na ndo ilookoa watu wakati wa njaa, na Biblia inasema Roho wa Mungu alikuwa ndani yake. Bibi zetu nao wakati wa masika walikuwa wanachuma mlenda wanaukausha wanautunza kwa ajili ya kiangazi, uwele unalindwa ghalani, na jioni wanapiga magoti. Sijui ni lini tuliamua kwamba hivo viwili haviendi pamoja.

DHANA: "Nayaweza mambo yote" maana yake nitashinda kila kitu

Fupi tu hapa. Wafilipi 4:13 tunaibandika kwenye bajaji, kwenye daftari la mtihani, kwenye fremu ya duka. Anza mstari wa 11. Paulo yuko kifungoni anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na hayo ndo "mambo yote" anayoyaweza. Ni mstari wa misimu yote miwili, na neno lililonigusa ni "nimejifunza", maana kujifunza kunachukua muda.

DHANA: Yeremia 29:11, mawazo ya amani, maana yake mpenyo, yaani kufunguliwa kutoka kwenye shida, uko karibu

Huu mstari nilitumiwa kwenye simu labda mara hamsini mwaka ule. Na naupenda. Lakini ni barua, iliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari mmoja juu yake, wa 10, unasema itakuwa miaka 70. Sabini! Wengi walioisikia ikisomwa walijua watazikwa hukohuko. Na sura moja nyuma kuna nabii anaitwa Hanania aliyewaambia watu itaisha ndani ya miaka miwili, na naelewa kabisa kwanini mtu angependa kumwamini yeye, mimi ningempenda. Ila alikuwa anadanganya. Yeremia yeye aliwaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, uombeeni amani mji ule. Amani ya Mungu iliwakuta wakiwa mateka, na jembe mkononi.

Mume wangu aliacha kipande cha shamba Mpunguzi alichokifyeka kwa ajili ya zabibu, hakuwahi kupanda. Kilikaa na miiba miaka, nilikuwa siwezi hata kukanyaga. Mwaka jana mwezi wa kwanza nikiwa sijapona kabisa, nikiwa bado nina siku mbaya, tulienda na watoto tukapanda pingili kama mia mbili, na tukauombea mji huu uliotujalia kazi na uliotuzikia baba yao. Wiki hii tumepogoa. Kama hujawahi kuona shamba la zabibu likitoka kupogolewa, ni vijiti vya kijivu tu kwenye vumbi, huwezi kujua kipi kizima. Yohana 15 inasema tawi lizaalo ndo linalosafishwa, lakini ukiwa pale na mkasi mkononi unaona tu umeharibu.

Mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa, alisimama mwisho wa mstari akaangalia yale matawi chini akaniuliza mama tumeiua? Nikamwambia sijui, tusubiri mvua. Akaokota matawi tukapakia kwenye toroli, tukaondoka.