Ndani ya mpira wa gofu hamna tindikali
Mtoto wa Mikindani akiokota kijimpira cha gofu ufukweni, ataonywa asikipasue: ndani mna tindikali, itampofua. Onyo hili halikuzuka hivihivi. Baada ya 1898 ilienea mipira iliyozungushiwa uzi wa raba uliovutwa kwa nguvu, na mingine ilikuwa na kifuko cha majimaji katikati. Baadhi ya majimaji hayo kweli yaliunguza macho ya watu.

Siku hizi kiini ni raba ngumu ya viwandani, polibutadieni, inayobanwa kwenye kalibu ya moto hadi iive, mithili ya kitumbua. Juu huvikwa ganda la plastiki lenye vishimo 300 hadi 500. Kijimpira kimoja tulikikata kwa msumeno: raba tupu, kavu, na mkono ukauma siku nzima.