Keki ya machungwa na mbegu: harufu iko mu ngozi, na Bukavu iko juu

Kila wiki nikipeleka keki kwa bakiliya, hakukosi mutu mumoja wa kuniuliza: dada, mimi natia maji ya machungwa tatu nzima na keki hainuke kitu, kisha katikati inazama sawa matelasi ya zamani, shida ni nini? Nimejibu kwa simu, nimejibu mu gari, nimejibu hata ku matanga. Leo najibu mara moja hapa, kesho nitatuma tu linki.

Kwanza tupatane kwa majina. Hapa kwetu gato ni ile ya aniverseri na ndoa, yenye krimu na majina ya batu juu. Keki ni ile ya mule (chombo cha kuokea) ndefu sawa ya mukate, unakata bipande unakula na chai asubui. Naongelea hii ya pili. Gato nafanya juu ya franga, keki nafanya juu naipenda.

Haya. Unakumbuka tukiwa batoto, umeme ikienda jioni, mushumaa iko katikati ya meza, unachukua ganda ya chungwa unaiminya karibu na moto na inatoa bicheche, ta-ta-ta, mama anapiga kelele utachoma nyumba? Ile yenye ilikuwa inawaka haikuwa maji, maji haiwake. Ni mafuta. Iko imejificha mu ngozi ya juu, ile yenye rangi, mu bifuko bidogo bidogo byenye unaweza kuona kwa macho ukisogeza chungwa karibu, na njo yenyewe harufu yote ya chungwa. Sehemu yake kubwa batu ba kemia wanaiita limoneni. Maji ya ndani iko na asidi na sukari, itakupa uchachu kidogo, lakini harufu yake ni ndogo na ukiipika karibu saa nzima, ile kidogo inaenda na mvuke. Kwa hiyo wewe mwenye kutia gobele (kikombe) nzima ya maji mu bunga umefanya bitu bibili: umelegeza unga na maji yenye hainuke, na umetia asidi yenye inaamsha levire (ile poda ya kuvimbisha keki) mbio, gazi inatoka ungali unatafuta kiberiti.

Mimi nakwaruza ngozi. Rapi ya karoti inatosha, upande wa matundu madogo kabisa, unapitisha mara moja, ukiona nyeupe unageuza chungwa, juu ile nyeupe iko chungu na uchungu wake haufichike na sukari. Osha chungwa muzuri na uipanguze kabla. Na kwaruza KABLA ya kuikata, naomba, juu kukwaruza nusu chungwa yenye imeshaminywa ni kujikwaruza bidole (niko na alama). Usicheke machungwa yetu ya kijani. Chungwa inapata ile rangi yake ya picha kama usiku ina baridi ya kutosha, si lazima juu imeiva, kwa hiyo ya soko yenye iko kijani inje inaweza kuwa tamu kabisa ndani, na ngozi yake kwangu inanuka vikali kuliko zile za njano zenye zinatoka mbali mu makarito.

Kisha hii hatua ndogo yenye batu wanaruka: ile ngozi naimwaga mu sukari na nasugua na bidole, dakika mbili, tatu. Punje za sukari zinapasua bile bifuko, mafuta inatoka, sukari inainywa. Utaona sukari imebadilika rangi na imekuwa sawa muchanga ya kando ya ziwa, mubichi mubichi, na jikoni yote inanuka mupaka jirani anapisha kichwa ku dirisha. Ukisugua vile hauna lazima ya esansi ya chupa. Ile ya chupa mimi niliacha, inanuka sabuni.

Sasa ile ya kuzama. Hii ilinitesa.

Reseti yangu ya kwanza nilitoa mu video ya mama mumoja wa Ufaransa, nikafuata gramu kwa gramu. Keki ikapanda, ikapita mule, nikaita batu waje waone, wamefika na yenyewe imeshashuka, shimo katikati unaweza kulaza yai. Mara tatu! Nililaumu foru (jiko ya kuokea), nikalaumu mayai, nikalaumu mudogo wangu kwamba alifungua mulango, masikini ya Mungu hata hakuwa kwa nyumba. Na kuzina (binamu) wangu wa Uvira, na reseti ile ile, ananitumia picha ya keki imesimama sawa sawa.

Jibu nilikuwa nalijua tangu utoto bila kujua. Mutu akipanda gari Uvira na paketi ya chipsi, akimaliza mlima ya Ngomo na kufika huku, ile paketi imevimba sawa tumbo ya mutoto wa krismasi. Hakuna mutu ametia hewa ndani. Hewa ya inje njo imepungua nguvu ya kuisukuma. Ziwa yetu ya Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari na sisi tumejenga juu zaidi ku milima, Tanganyika pale Uvira iko karibu mita 770, na reseti mingi ya Ulaya imeandikwa na batu ba miji ya chini. Kila povu ya levire ndani ya keki ni ile paketi ya chipsi. Inavimba kuliko vile muandishi wa reseti alihesabu, inapasuka kabla mayai na bunga hazijashikana, na nyumba inaanguka. Juu ya ile, maji hapa inachemka kwa digri 95 hivi, si 100, njo maana maharagi ya Bukavu inakula makala kuliko ya Uvira, na maji ya keki nayo inakimbia mbio, sukari inabaki mingi kwa maji kidogo, na sukari ikizidi keki inachelewa kusimama.

Basi kwa reseti yoyote ya chini mimi napunguza levire karibu nusu, natoa bijiko bibili bya sukari, naongeza maziwa kidogo, na moto naupandisha digri kama 10 ili keki ishikane mapema. Ni bile tu. Foru yangu haikuwa na shida, nilishaiomba musamaha.

Bipimo byangu, kwa mule moja ya sentimeta 25: bunga ya ngano gramu 220, sukari gramu 170, mayai matatu, mafuta ya kupikia mililita 100, maziwa ya kuganda mililita 130, levire kijiko kimoja cha chai na uipanguze na kisu iwe sawa (levire ya keki, ya poda, si ile ya mukate!), bikarbonati robo ya kijiko, chumvi kidogo. Ngozi ya machungwa mawili na ya ndimu moja. Nunua mizani ndogo, haiko bei kubwa, juu gobele ya soko inategemea mama muuzaji ameamka namna gani. Maziwa ya kuganda ni mashanza ya kawaida ile tunakula na bugali, ipige kwanza ilainike. Uchachu yake inakutana na bikarbonati na keki inakuwa laini. Batu wananiuliza juu ya siagi. Siagi iko na ladha, ndiyo, lakini keki ya siagi ikilala usiku mumoja mu baridi yetu inakuwa ngumu, ya mafuta inabaki laini siku ine. Mawese hapana. Kuna mwenye alijaribu, rangi ilitoka muzuri sana sawa jua ya jioni na ilikuwa inanuka sombe.

Mbegu. Kule kwa bazungu keki ya ndimu wanatia mbegu za pavo, bile bidogo byeusi. Mimi natia sezami, bijiko bibili bikubwa, na mbika, zile za maboga zimeshamenywa, bijiko bitatu. Na hapa sina huruma: mbegu mbichi haziingie mu keki yangu. Zinakuwa na ladha ya majani. Kikaango kikavu, moto mudogo, unageuza bila kuacha, sezami ikianza kuruka na kunuka unaimwaga mara moja ku sahani, juu ukiiacha mu kikaango itaendelea kuungua hata umetoa ku moto. Mbika nazikata kidogo na kisu. Na onja mbika moja KABLA ya kununua, mbegu zenye mafuta zikikaa sana zinaharibika, zinapata ladha ya mafuta ya zamani, na moja tu ya vile itakuharibia kipande nzima. Watakuambia uzizungushe mu bunga ili zisizame. Nimejaribu, faida yake ni kidogo sana. Kama unga yako iko nzito, inaanguka polepole ku kijiko, mbegu zitabaki pale uliziweka, kama iko maji maji zitashuka hata uzifunge kamba.

Kuchanganya ni dakika tano. Sukari yenye umesugua pamoja na mayai, piga mupaka ipauke, mafuta polepole, maziwa, kisha bunga na levire na bikarbonati na chumvi umechunga pamoja, geuza mara kidogo tu, ukiona bunga kavu imeisha simama. Ukiendelea kupiga ile ngano inavutika sawa ya mukate na keki inakuwa ngumu. Mbegu mwisho, baki na kidogo za kunyunyiza juu.

Foru ya umeme, digri 180 hadi 190, dakika 50. Lakini tuko Bukavu, umeme inaenda na keki ingali ndani, kwa hiyo kila mutu ajue na ya mbabula, jiko ya makala. Sufuria kubwa nzito, muchanga mukavu chini vidole bibili, funika, ipashe moto robo saa nzima. Weka mule ndani juu ya mawe matatu madogo, isiguse muchanga. Funika na kifuniko ya chuma na juu yake weka makala yenye imeshika. Kosa ya kila mutu ni kuacha moto mingi chini: keki inaungua tako na juu ni uji. Chini makala kidogo, juu mingi, kama theluthi na mbili theluthi. Usifunue dakika 35 za kwanza hata kama mama mukwe amefika. Kisha ingiza kijiti cha ufagio (mupya, tafazali), ikitoka kavu imeiva, mara mingi ni kama saa moja.

Na yale maji ya machungwa yenye nilikukataza? Njo saa yake. Bijiko bine bikubwa bya maji ya chungwa na ndimu, bijiko bitatu bya sukari, pasha mupaka sukari ipotee, usichemshe. Keki ikitoka ichome matundu na kijiti, mwagia polepole ingali na moto. Uchachu unabaki juu, muzima, haujapikwa. Iache ipoe, ifunge mu kitambaa safi, na kama nyumba yako iko na nidhamu ule kesho yake, siku ya pili harufu imeingia mupaka ndani. Kwangu haijafikaka siku ya pili.

Batu ba Goma mufuate vile vile, tuko kimo kimoja. Lubumbashi muko chini kidogo, mita 1,200 hivi, mutie levire kijiko na robo. Na kuzina wangu, nilimutumia hii reseti yangu mupya na furaha yote, nikangoja picha. Ikakuja: keki fupi, imebana sawa sabuni ya kufulia, na chini ameandika, yaya, umesahau mimi niko huku chini? Uvira ni kijiko na nusu.